Siku Mbili London Kufuata Nyayo za Harry Potter: Uzoefu wa Fundi Seremala

Nina karakana ndogo ya samani pale Keko, Dar es Salaam, na kwa kawaida filamu za wachawi si kitu cha kunitoa nyumbani. Nilikwenda Uingereza kumtembelea dada yangu anayeishi Reading, na binti yake wa miaka 12, ambaye amesoma vitabu vyote saba vya Harry Potter na kutazama filamu zote nane mara nyingi kuliko anavyokiri mbele ya mama yake, alikuwa amekwisha kunipangia mwisho wa juma kabla ndege yangu haijatua. Kwa hiyo tulikaa London siku mbili na usiku mmoja, mimi na mpwa wangu, na ninayaandika haya kwa ajili ya mjomba au shangazi mwingine atakayetakiwa kufanya hivyo hivyo. Niseme mapema kwamba fedha ya tiketi ya studio ilinitoka kwa uchungu, lakini katika safari nzima ndiyo fedha ambayo ningeitoa tena kesho.

Treni ya Reading huishia stesheni ya Paddington, na hapo hapo kwenye jukwaa namba 1 kuna sanamu ya shaba ya yule dubu mwenye kofia aliyepewa jina la stesheni hiyo. Tulipiga picha moja, tukashuka kwenye treni ya chini ya ardhi hadi Euston Square, tukatembea kidogo hadi Euston. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu Warner Bros. Studio Tour London, ziara ya studio zilimopigwa filamu hizo, pamoja na jina lake, haipo London hasa, bali Leavesden, nje ya mji wa Watford. Treni ya haraka kutoka Euston hadi Watford Junction huchukua kama dakika 20, na nje ya kituo yanasubiri mabasi ya studio yanayokufikisha mlangoni kwa dakika 15 hivi. Tiketi haziuzwi getini. Hukatwa mtandaoni kwa siku na saa maalumu, na siku za likizo za shule hujaa mapema sana, kwa hiyo dada yangu alikuwa amezikata wiki saba kabla. Mtu mzima hulipa zaidi ya pauni 50, mtoto hulipa pungufu kidogo, na ukizigeuza kuwa shilingi ni afadhali uwe umekaa.

Mahali penyewe pana historia ambayo mpwa wangu hakuijua, nami nilifurahi kuwa na kitu cha kumwambia. Palikuwa kiwanja cha ndege chenye viwanda, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuwa zikiundwa hapo ndege za kivita aina ya Mosquito, ndege ambazo kwa sehemu kubwa zilitengenezwa kwa mbao. Filamu za Harry Potter zilipigwa hapo kwa miaka kumi, na mwaka 2012 milango ikafunguliwa kwa wageni. Kwa hiyo usitarajie uwanja wa michezo wenye mabembea na treni za kupanda na kushuka. Ni karakana iliyogeuzwa makumbusho, na atakayekwenda akitafuta mabembea atarudi amenuna.

Unaanzia kwenye ukumbi wa sinema, unaonyeshwa filamu fupi, kisha pazia la sinema linapanda juu na nyuma yake mnajikuta mmesimama mbele ya milango mikubwa ya ule Ukumbi Mkuu wa kulia chakula wa Hogwarts, shule ya wachawi anakosoma Harry. Watoto walipiga kelele. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye meza. Ni ndefu, zinavuka ukumbi karibu wote, na nilipoinama niliona mikwaruzo na vijina vilivyochongwa kwa ncha ya kitu chenye makali, kama madawati ya shule yetu ya msingi. Maelezo yanasema waigizaji watoto walihimizwa kuzichora ili zionekane zimetumiwa na vizazi vingi vya wanafunzi. Mimi nina wateja wanaorudisha meza kwa mkwaruzo mmoja. Sakafu ni mawe ya kweli, kwa kuwa ilibidi ihimili miguu ya mamia ya watu kwa miaka mingi, lakini kuta zilizoizunguka, ambazo ungeapa ni za mawe pia, ni plasta na rangi. Nilisimama hapo muda mrefu nikijaribu kuona ukweli unaishia wapi na ghiliba inaanzia wapi, mpaka mpwa wangu akanivuta mkono: «Mjomba, kuna mambo mengine mbele.»

Na kweli yalikuwepo. Kuna nyumba ya Hagrid, yule mtu jitu, ambayo ilijengwa kwa vipimo viwili, moja yenye vyombo vidogo ili aonekane mkubwa na nyingine yenye vyombo vikubwa ili watoto waonekane wadogo. Kuna benki yenye nguzo za marumaru ambazo si marumaru hata chembe. Kuna basi la rangi ya zambarau lenye ghorofa tatu, lililoungwa kutokana na mabasi halisi ya London. Kuna duka la fimbo za kichawi lenye visanduku zaidi ya 17,000, kila kimoja na lebo yake, na vilivyo juu kabisa, ambavyo hakuna kamera iliyowahi kuvisogelea, vina lebo zilizoandikwa kwa uangalifu ule ule. Sehemu za maleba na vinyago nilizipita haraka. Picha ya kupanda ufagio mbele ya pazia la kijani inalipiwa kando, na mpwa wangu aliisamehe baada ya mazungumzo mafupi.

Chumba nilichokipenda kuliko vyote ni kile ambacho wageni wengi hukivuka wakielekea kwingine, chumba cha michoro na mifano ya karatasi. Kabla msumari wa kwanza haujapigwa, kila jengo lilichorwa kwa vipimo, kisha likaundwa dogo kwa kadi nyeupe, paa, madirisha, hadi matofali yaliyokatwa kwa wembe, ili mwongozaji wa filamu na mafundi waweze kuinama na kutazama kamera itapita wapi. Nilimwonyesha mpwa wangu jinsi mstari wa mchoro ulivyogeuka kuwa kona ya kadi, nikamwambia kwamba hata kabati la nguo linapaswa kuanza hivyo, ingawa kwetu mara nyingi huanza kwa mteja kunyoosha mikono hewani na kusema «liwe kama hivi». Baada ya chumba hicho unaingia ghafla kwenye giza, na mbele yako umesimama mfano wa kasri zima la Hogwarts kwa kipimo cha 1 kwa 24, wenye taa ndogo zaidi ya 2,500 zinazowaka kama madirisha wakati mwanga wa chumba unapogeuka kutoka mchana kwenda usiku. Unaweza kuuzunguka wote. Tuliuzunguka mara tatu.

Jambo moja kwa wasomaji Waislamu, maana dada yangu alikuwa na wasiwasi nalo: kinywaji kinachouzwa hapo kwa jina la Butterbeer hakina kileo. Ni soda tamu yenye povu zito juu, tamu kiasi kwamba mimi nilimaliza nusu kikombe na kuomba maji. Tenga saa nne za ziara, si tatu.

Siku ya pili ilikuwa ya jiji, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimelipia matembezi ya kuongozwa ya kampuni moja niliyoipata mtandaoni, nikiamini kwamba mgeni anahitaji mwenyeji. Mwongozaji alichelewa dakika 40, hakuomba radhi, kisha akatutembeza kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Pale stesheni ya King's Cross, ambako katika hadithi wanafunzi hupenya ukuta ili kufikia treni ya shule yao, alituambia kwamba penye kitoroli kilichozama nusu ukutani ndipo filamu ilipopigwa. Mpwa wangu alinong'ona: «Si kweli, walitumia jukwaa la 4 na la 5.» Alikuwa sahihi. Kitoroli kimewekwa kwenye ukumbi wa abiria ili usihitaji tiketi ya treni, na jengo la matofali mekundu linaloonekana kwa nje kwenye filamu ya pili si King's Cross bali jirani yake, St Pancras. Kupiga picha kwa simu yako ni bure, foleni huwa fupi asubuhi sana, na picha ya mpiga picha wao inauzwa dukani hapo kando.

Tuliachana na kundi lile mapema na kuendelea wenyewe. Leadenhall Market, soko la mwaka 1881 lenye paa la chuma na vioo ambalo lilitumika katika filamu ya kwanza, lilikuwa karibu tupu kwa sababu ilikuwa Jumapili na maduka mengi yamefungwa, lakini njia zake ziko wazi, na kwa picha hiyo ni bahati. Mlango uliotumika kama baa ya wachawi uko kwenye kichochoro cha Bull's Head Passage, mahali ambapo yule mwongozaji hakuwa na mpango wa kuingia. Tulimalizia Leicester Square, ambako sanamu za wahusika wa filamu zimetawanywa bustanini. Harry yupo juu ya ufagio wake, lakini mimi nilikaa kwenye benchi na Mr Bean, ambaye nimesafiri naye kwenye runinga za mabasi ya mikoani zaidi ya jamaa zangu wengi. Vyote hivyo havikutugharimu chochote zaidi ya nauli.

Duka la studio ndilo lililonishinda. Fimbo za kichawi zinazouzwa hapo si za mbao, na kwa bei ile sikuweza kujilazimisha. Nilimwahidi mpwa wangu kwamba nitamkerezea yake, akakubali kwa masharti, akanichorea kwenye tiketi ya treni urefu, unene na mafundo yanavyopaswa kukaa. Nimeikereza kwa kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kazi ya mguu wa kiti, nikaipiga msasa na nta, na imefika Reading salama. Amenijibu kwamba ni nzito kuliko ya dukani na kwamba fundo la pili liko chini kidogo kuliko alivyochora.