Bima ya Maisha kwa Wanandoa Vijana: Kwa Nini Tuliiacha ya Akiba

Kampuni ya bima ambayo mimi na mke wangu tuliiendea jijini Nairobi, miezi michache baada ya harusi, inauza aina mbili za bima ya maisha: ya akiba, ambayo humlipa mwenye bima kitita muda ukiisha akiwa hai, na ya muda, ambayo hulipa tu iwapo atafariki kabla ya muda huo kwisha. Tulichukua ya pili, ingawa ajenti hakuitaja hata kidogo mpaka mke wangu alipoiulizia.

Bima ya akiba inavutia kwa maneno. Tungelipa Sh5,000 kila mwezi kwa miaka 12, yaani Sh720,000 kwa jumla, lakini fidia ambayo mmoja wetu angemwachia mwenzake akifariki haikufika hata Sh1,000,000. Kwa watu wenye mkopo wa kiwanja na mtoto anayetarajiwa, fedha hizo zingekwisha kabla mtoto hajaingia shule ya msingi. Kwa bima ya muda, kila mmoja wetu alipata kinga ya Sh3,000,000, na malipo yetu sote wawili hayafikii hizo Sh5,000. Bei yake ni ya chini kwa sababu sisi ni vijana wenye afya, na kiwango tulichoanza nacho hakitapanda hadi mkataba uishe. Kinachobaki tunakiweka kwenye Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, mahali ambapo tunaweza kukifikia.

Ajenti alisisitiza nafuu ya kodi, na kweli ipo: sheria ya Kenya humpunguzia mlipakodi asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha, mradi nafuu hiyo isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Jambo ambalo hakulisema ni kwamba anayevunja bima ya akiba kabla ya kukomaa hukatwa nafuu aliyokwisha kupewa, ikarudishwa kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Zaidi ya hayo, anayejitoa katika miaka ya mwanzo huambulia kidogo sana au hutoka mikono mitupu, kwa kuwa sehemu kubwa ya malipo hayo ya awali huenda kwenye kamisheni na gharama za kampuni. Wanandoa wanaoanza maisha, ambao kazi zao bado hazijatulia, ndio walio katika hatari kubwa ya kukwama njiani.

Tulishauriwa pia kuchukua mkataba mmoja wa pamoja, tukakataa, kwa sababu mkataba wa namna hiyo kwa kawaida hulipa kifo cha kwanza kisha ukaisha, na aliyebaki huachwa bila bima akiwa na umri mkubwa zaidi. Tena mke asiye na mshahara anahitaji kinga yake mwenyewe. Anayedhani kwamba kazi ya nyumbani haina bei hajawahi kumlipa yaya. Bima ya kazini haitoshi, maana huisha pamoja na ajira, na ile inayoambatana na mkopo wa Sacco hufuta deni tu bila kuiachia familia kitu.

Huduma yenyewe naiona ya wastani. Fomu ya afya ilikuwa ndefu lakini maswali yalieleweka, nasi tulijibu yote kwa ukweli, kwa kuwa ugonjwa uliofichwa ndio kisingizio cha kwanza cha kukataa kulipa fidia. Mhudumu alifanya vyema kutueleza kwamba mtoto akiandikwa kuwa mnufaika lazima atajwe pamoja na mtu mzima wa kumsimamizia fedha hizo. Hata hivyo, mkataba kamili tulikabidhiwa baada ya kuudai mara kadhaa, na hilo ni kosa zito kwa kampuni iliyoanza kupokea pesa zetu kupitia M-Pesa siku ileile tuliyotia sahihi. Kwa bei naipa alama za juu. Kwa uwazi, nusu tu.