IRI-2016 kwa mpima ardhi wa Kisumu: nzuri, ila saa yake ina mtego

IRI (International Reference Ionosphere) ni modeli ya ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye elektroni zinazochelewesha mawimbi ya GPS. Inatolewa bure, chini ya COSPAR na URSI, mashirika ya kimataifa ya utafiti wa anga za juu na ya sayansi ya redio. Kwa anayepima viwanja Kisumu kwa risiva ya GPS ya frikwensi moja, inafaa kupangia kazi. Kusahihishia vipimo, hapana.

Ingiza latitudo -0.1, longitudo 34.75, tarehe na saa, kisha soma TEC, yaani jumla ya elektroni zilizo juu yako. Kila uniti moja ya TEC huongeza takriban sentimita 16 kwenye umbali unaopimwa kwa L1, frikwensi kuu ya GPS. Linganisha Machi na Julai, saa nane mchana: Machi iko juu kwa sababu jua limesimama karibu na ikweta, Julai inashuka, halafu Septemba na Oktoba inapanda tena. Mkondo huo wa misimu modeli inaupata vizuri.

Mtego uko kwenye saa. Saa ya mahali, kwa IRI, ni ya jua, si ya Nairobi. Longitudo yetu iko mbele ya UTC (saa ya kimataifa) kwa saa 2 na dakika 19 tu, kwa hivyo ukiandika saa ya ukutani umekosea dakika 41. Chagua UTC, toa 3 kwenye saa ya Nairobi, basi. (Saa nane ni 14, usije ukaandika 8.)

TEC yake haihesabu njia yote: hesabu inakomea kilomita 2,000, ilhali setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200. Tena ni wastani wa mwezi. Haitakuambia ni jioni ipi mawimbi ya GPS yatayumba hadi risiva ipoteze setilaiti. Kwa hivyo Machi na Septemba, funga tripodi kabla ya saa moja usiku.