Gari lililowahi kugongwa: lipi la kununua, lipi la kuacha

Dalali akikwambia "iligusana kidogo tu, bosi," usibishane naye kuhusu ukubwa wa ajali. Muulize iligusana wapi. Gari lina vitu vilivyofungwa kwa nati, halafu lina mifupa iliyochomelewa kiwandani. Cha nati kinafunguliwa asubuhi pale Gerezani, kwa mafundi wa Dar es Salaam, jioni kimefungwa kingine. Mfupa ukipinda ni habari nyingine. Wajapani nao wanahesabu hivyohivyo: bampa, fenda, boneti na milango vikibadilishwa, gari haliandikwi kuwa lilitengenezwa baada ya ajali. Zikiguswa chesi (mifupa mikuu ya chini), nguzo za kubeba paa, sakafu au paa, linaandikwa.

Nami nayapanga magari yaliyogongwa kwa kufuata hilo, kuanzia la kununua hadi la kuacha.

Namba moja ni lililobadilishwa bampa, fenda au boneti. Nunua, ila dai upunguziwe bei. Fungua boneti utazame nati za fenda. Ambazo hazijawahi kuguswa zina rangi nzima ya bodi. Zilizoonja spana zimechubuka kwenye kona.

Linafuata lililobonyea mlango au ubavuni, likanyooshwa na kupigwa rangi. Hapa adui ni puti, ule udongo wa kuziba mabonde kabla ya rangi. Beba sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji, izungushie kitambaa chepesi na uipitishe taratibu kwenye bodi. Ikishika huku na kule ikidondoka, chini ya rangi hiyo kuna puti nene, na puti nene hupasuka. (Bampa liache, ni plastiki.) Likikupendeza, linunue, lakini hesabu na pesa ya kulirudisha kwa fundi wa bodi.

La tatu ndilo linalosumbua watu: lililogongwa mbele hadi fremu inayoshika redieta. Kwenye karatasi ya mnada ya Japani magari ya namna hii huweza kuandikwa R au RA mahali pa daraja, yaani lilitengenezwa baada ya ajali, na kwenye mchoro wa gari utaona W palipotengenezwa na XX palipobadilishwa kipande. Wengi wakiona R wanakimbia. Mimi sikimbii, ila nataka niione karatasi yenyewe, si picha iliyokatwa nusu, na nataka fundi wangu achungulie miguu ya chesi nyuma ya redieta. Ikiwa imenyooka, haina mikunjo wala weldi mpya, tuzungumze bei. Kama zima linauzwa milioni 14, hili siligusi kwa 13. Siku ya kuliuza na mimi nitabanwa vilevile.

Lililofyatuka eabegi naliweka mbali zaidi, hata kama bodi inang'aa. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, iwake kwenye dashibodi, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Isipozima, kuna kasoro kwenye mfumo. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, huenda kuna mtu ameing'oa ili usione. Vuta na mikanda mpaka mwisho; iliyokwama ndani huenda ilifyatuka siku ya ajali.

Mkiani ni yaliyopinda chesi au nguzo, na yale yaliyokatwa na kuungwa, mbele ya gari hili na nyuma ya lile. Haya usichukue hata kwa nusu bei. Vuta mpira wa mlango utazame ukingo wa bati: weldi za kiwandani ni vidoa vya mviringo vilivyopangana kwa nafasi sawa. Ukikuta mstari wa weldi uliopigwa msasa, funga mlango, aga.

Niliwahi kununua Toyota IST ya namna hiyo, nyeupe, safi kama ya bibi harusi. Ndani ya miezi miwili tairi la kushoto mbele lilikuwa limeliwa kwa ndani hadi nyuzi zikatokeza. Nikalipeleka alaimenti, kupimwa na kunyooshwa tairi, mara tatu. Mara ya tatu kijana wa mashine akanirudishia pesa yangu: "Mzee, hili si la kupimwa, hili ni la kuvutwa chesi."

Sasa kabla ya kulipa napitisha gari kwenye dimbwi, naliendesha mstari ulionyooka kwenye lami kavu, nashuka kutazama alama. Tairi za nyuma zikiwa zimejisogeza zote upande mmoja wa alama za mbele, gari linatembea kama kaa, namrudishia dalali ufunguo wake.