Unga wa Mwani kwa Faluda: Uzoefu Wangu na Pakiti Mbili

Kila Ramadhani hupika faluda za kuuza hapa Unguja, na kwa miaka yote nimetumia agari ya nyuzi, kigandishi kitokanacho na mwani, ile inayolowekwa mpaka ilainike ndipo ichemshwe. Mwaka huu niliamua kujaribu ya unga, kwa sababu nyuzi huchelewa kuyeyuka na mtu akiwa na haraka hubakia vipande vinavyonasa kwenye chujio. Katika duka moja la vifaa vya keki nilinunua pakiti mbili, moja ya agari na nyingine ya karajinani, zote zikiwa za kugandishia na zimetokana na mwani.

Unga wa agari haukunipa taabu. Kwa lita moja ya maziwa nilipima gramu 6, nikauchanganya kwanza na sukari kavu ili usifanye mabonge, nikautia maziwa yakiwa bado baridi, kisha nikayabandika jikoni huku nikikoroga. Wengi hukosea hapa, kwa kudhani kuwa maziwa yakishapata moto inatosha, ilhali agari ni lazima ichemke hasa, nami huiacha itokote dakika 2 au 3 kabla ya kutia iliki. Ikishamiminwa huganda yenyewe juu ya meza, bila friji, ikipoa hadi kwenye nyuzijoto 35 hivi, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ipate takriban nyuzijoto 85. Kwa mtu anayepeleka vikombe 60 kwa bodaboda alasiri ya jua kali, hilo si jambo dogo. Jelatini ingefika imekuwa sharubati, mbali na kwamba hutokana na ngozi na mifupa, na wateja wangu wangetaka kujua ni ya mnyama gani. Kwa kuwa agari haiyeyuki mdomoni, huimimina kwenye vikombe vya kulia kwa kijiko, wala sitengenezi vile vijeli vidogo vya kufyonza mara moja, ambavyo Umoja wa Ulaya uliviondoa sokoni mwaka 2004 kwa kuhofia kuwakaba watoto.

Malalamiko yangu ni juu ya pakiti ya pili. Imeandikwa karajinani, E407, yaani namba yake ya kiongezi cha chakula, basi. Namba hiyo ni ya kundi zima, na ndani yake imo kapa, inayotoa jeli ngumu na yenye kuvunjika, na iota, inayotoa jeli laini yenye kunesanesa. Shangazi yangu, anayelima mwani Paje, anaitambua tofauti hiyo tangu shambani: mwani uitwao kotoni, wenye bei nzuri lakini unaokufa upesi maji yakipata joto, ndio hutoa kapa, na ule uitwao spinosamu, unaostahimili zaidi, ndio hutoa iota. Mkulima anayejua maji kupwa na maji kujaa hauchanganyi katika gunia moja. Aliyeutia kwenye pakiti hakuona haja ya kusema ni upi.

Nilitumia gramu 6 zilezile, na kilichotoka kilikuwa kigumu kama kifutio. Nilipokitia kijiko kilipasuka vipande, na baada ya kulala kwenye friji kila kikombe kilikuwa kimetokwa na maji juu, karibu kijiko kizima. Ilikuwa kapa, ambayo hushikana na protini ya maziwa, kwa hiyo sehemu ndogo tu ya kipimo changu ingetosha. Watoto wa jirani walivila vikombe vyote 20, lakini kuviuza sikuthubutu. Nilipomrudia muuzaji alinijibu, “Yote si mwani tu, dada?”

Hata hivyo sikuitupa. Kwa maziwa ya kakao inafaa kuliko kitu chochote nilichowahi kutumia, kwani gramu 0.3 kwa lita huizuia kakao isitue chini. Mizani yangu haisomi kiasi hicho, basi nilichanganya gramu 3 za karajinani na gramu 97 za sukari, nikawa nachota gramu 10 za mchanganyiko huo kwa kila lita na kuyachemsha maziwa pamoja nao. Chupa niliyoijaza asubuhi ilikuwa na rangi moja juu hadi chini kesho yake.

Agari ya unga nitainunua tena kabla ya Idi. Pakiti ya karajinani nimeibandika karatasi yenye mwandiko wangu: kapa, kwa maziwa ya kakao tu.