Uzoefu wangu: waya mpya wa eksileta na kukereza shafti ya kabureta kwenye Beetle ya 1968

Nianze na hukumu, mwenye haraka asisumbuke kusoma mpaka chini: waya naupa nyota tatu, kazi ya kukereza naipa tano.

Gari ni Volkswagen Beetle 1500, volti 12, kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) Solex 30 PICT, inazunguka Dar es Salaam. Ugonjwa wake ulikuwa huu: ukiachia mafuta, injini haishuki. Unafika kwenye taa za Magomeni, mguu uko kwenye breki, huku nyuma injini inanguruma kana kwamba mtu kaikalia pedeli. Saa nyingine inashuka yenyewe, saa nyingine mpaka uichokonoe pedeli kwa ncha ya kiatu. Na ikishashuka, sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, haitulii. Inapanda, inashuka, inazima.

Karibu kila niliyemwuliza alinijibu ninunue kabureta mpya. Mimi siyo muumini wa ushauri huo. Mwili wa Solex ya zamani unadumu sana. Kinachokwisha ni tundu ambamo shafti ya kipepeo (kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) inazungukia, na tundu linatengenezeka. Tena kabla hujalaumu kabureta, kuna mambo matatu yanayoweza kuishikilia injini juu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni waya. Zima injini, fungua kifuniko cha nyuma, legeza ile skrubu ndogo inayobana waya kwenye mkono wa kabureta, uutoe waya kabisa. Sasa usukume mkono kwa kidole na kuuachia. Ukirudi kwa kishindo hadi mwisho, kabureta haina hatia na kosa liko kwenye waya au pedeli. Ukirudi kwa uvivu au ukakwama njiani, basi ni shafti au springi. La pili ni choki, ile inayosaidia injini kuwaka ikiwa baridi. Kwenye kabureta hii skrubu ya sailensi hukaa juu ya kigurudumu chenye ngazi kinachozungushwa na choki ya umeme, kwa hiyo ule waya mdogo wa umeme wa choki ukichomoka, choki haifunguki vizuri na sailensi inabaki juu hata injini ikiwa ya moto. Angalia hapo kwanza, maana ni bure. La tatu ni kuchakaa kwa shafti: shika ncha yake, itikise juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia pembeni. Ukitaka uhakika, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta pale shafti inapoingia mwilini, injini ikiwa sailensi. Sauti ikibadilika, umepata jibu. Fanya hivyo injini ikiwa baridi, na kizima moto kiwe karibu. Dawa ile inawaka kama petroli, na Beetle kushika moto nyuma siyo hadithi ya kutunga.

Yangu ilikuwa na mawili kwa mpigo, waya na shafti.

Waya wa Beetle una safari ndefu. Unaanzia kwenye pedeli, unapita ndani ya handaki la katikati ya sakafu, unatokea karibu na giaboksi, unaingia kwenye mrija wa plastiki, halafu unapenya nyumba ya feni kupitia kibomba chake ndipo ufike kwenye kabureta. Wangu ulikuwa umeanza kufumuka pale unapoingia kwenye nyumba ya feni. Nyuzi mbili tatu zilikuwa zimesimama na kukwaruza ndani ya kibomba. Ndizo zilizokuwa zinashika.

Waya mpya niliununua Kariakoo kama seti, pamoja na kipini cha kubania na skrubu yake. Waya wenyewe hauna tatizo: urefu sahihi, nyuzi zimesokotwa vizuri, ndoano ya mbele imekaa sawa. Nimeupaka grisi huku nikiusukuma kutoka mbele, na unateleza vizuri. Nyota zimepotea kwenye kipini. Kimetengenezwa kwa chuma laini mno. Nilipokaza skrubu kwa nguvu ya kawaida tu, nyuzi za tundu la skrubu zikalika na waya ukawa unachomoka. Nimerudisha kipini cha zamani, ambacho kina umri kunizidi, na kimebana mpaka leo. Ukinunua seti kama hii, usitupe kipini chako.

Wakati wa kufunga, mtu mmoja akandamize pedeli hadi chini kabisa, wewe ukiwa nyuma. Mkono wa kabureta ubakiwe na nafasi ya kama milimita 1 kabla ya kugusa kizuizi. Ukiukaza bila nafasi hiyo, kila unapokandamiza mafuta unavuta shafti na waya, na waya utakatika siku usiyoitaka.

Kabureta niliipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kukereza vyuma. Aliitikisa shafti mara moja, akacheka. “Mzee, hii haijafa. Vumbi tu limeila.” Kweli, vumbi likichanganyika na mafuta linasaga chuma polepole, na Beetle za huku zimekula vumbi la kutosha. Gari hizi zilishinda mbio za magari za Safari (Safari Rally) 1953, 1954, 1957 na 1962 kwenye barabara za namna hiyo.

Alichofanya ni kupanua tundu pande zote mbili na kuingiza bushi za shaba, yaani vibomba vidogo ambamo shafti inazungukia. Kazi yenye roho mkononi ni kutoa kipepeo, kwa sababu skrubu zake mbili ndogo zimepondwa ncha kiwandani zisilegee. Ukizilazimisha zinakatikia ndani ya shafti. Yeye alizisugua ncha kwa tupa kwanza. Wakati wa kurudisha aliweka skrubu mpya, akafunga kipepeo huku bado zimelegea, akainua mwili wa kabureta kuelekea mlangoni na kuchungulia. Mwanga ulionekana upande mmoja. Akagusa kipepeo kwa kucha, ukapotea pande zote, ndipo akakaza na kuziponda ncha upya. Skrubu ile ikilegea inamezwa na injini, kwa hiyo fundi asiyeziponda mkimbie.

Alinitoza shilingi 60,000. Sailensi sasa inatulia, na nikiachia mafuta injini inashuka hapo hapo. Malalamiko yangu kwake ni moja tu: hana gasketi za kabureta, wala hakunitahadharisha. Nenda nazo mkononi, ya juu na ile ya chini inayokaa juu ya manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye injini), la sivyo utaacha kabureta mezani kwake na kurudi kuzunguka Kariakoo juani.