Kuchagua hoteli na migahawa Unguja ukitokea Mbeya au Iringa: uzoefu wangu

Picha za hoteli za ufukweni hupigwa maji yakiwa yamejaa. Mtu wa huku kwetu anayetafuta pa kufikia Unguja aanze hapo, kabla hajauliza bei na kabla hajahesabu nyota. Nimelala kaskazini ya kisiwa, mashariki na Mji Mkongwe, katika nyumba za wageni za vijijini na katika hoteli zenye bwawa la kuogelea. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyatazama sasa kabla sijatuma hela ya mtu.

Ziwa Nyasa pale Matema, maji uliyoyaacha asubuhi ndiyo unayoyakuta jioni. Bahari haiko hivyo. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: kati ya kujaa na kupwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku hizo Unguja maji hujaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Tofauti inashuka hadi kama mita 1, na saa zinageuka: yanajaa saa nne, yanapwa saa kumi. Kwa hiyo tazama kalenda ya mwezi kabla ya kuomba likizo kazini. Mwenye kupenda kuogelea asubuhi na aliyefika mashariki wakati wa bamvua atakaa kwenye kiti akisubiri bahari irudi.

Nasema mashariki kwa makusudi. Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani zina mwamba wa matumbawe mbali na ufuko, na katikati yake maji ni ya kina kifupi. Bamvua ikipwa unaona mchanga mtupu, vigingi vya mashamba ya mwani ya akina mama, na bahari imekuwa mstari mweupe kule mwambani. Ni pazuri sana kutembea, ila vaa viatu vya maji au kandambili zenye mikanda, kwa sababu kwenye mawe na majani wapo viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo. Kule kaskazini, Kendwa, na Nungwi upande wa magharibi, kina kipo karibu na ufuko, kwa hiyo unaogelea karibu saa zote. Mwenye watoto na siku chache nampeleka Kendwa bila kusita. Wawili wanaotaka utulivu, bei nafuu na kijiji cha kutembea jioni, Jambiani. Paje ni ya vijana na ya wanaocheza na tiara baharini. Muziki ni mwingi, na kwa anayetaka kulala mapema si pake.

Kisha upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kusi, hupiga pwani ya mashariki moja kwa moja, na Kendwa inayotazama magharibi inabaki imetulia. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto linapanda, na vyumba vya kaskazini ndivyo vinavyopata hewa. Masika, Aprili na Mei, bei zinashuka sana lakini hoteli nyingi hufunga kwa matengenezo. Zinazobaki wazi huwa na jiko lenye vyakula vichache, hata kama karatasi ya vyakula ni ndefu. Ukienda masika, ulizia jiko kwanza, chumba baadaye.

Mtu aliyezoea blanketi mbili Makete au Mafinga hulala vibaya usiku wa kwanza, kwa hiyo chumba kikague kwa joto. Maji ya moto usiyaulize, hutayahitaji. Uliza paa. Chumba cha makuti kisicho na dari hakipoi kwa kiyoyozi hata kikubwa, maana hewa inapita kwenye makuti na ubaridi haukai. Chumba cha namna hiyo kinataka feni nzuri, madirisha mawili yanayotazamana na neti isiyo na matundu. Kama unataka kiyoyozi, chukua chumba chenye dari ya bodi au zege na milango inayofunga sawasawa. Uliza pia jenereta inabeba nini. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, hivyo hitilafu ya bara inafika hadi Nungwi. Hoteli nyingi ndogo zina jenereta ya kuwasha taa na friji tu. Wakikujibu “jenereta ipo,” uliza: “Kiyoyozi na feni za vyumbani zinafanya kazi ikiwashwa?”

Maji ya bomba nayo. Hoteli kadhaa za mashariki zinatumia visima vyenye maji ya chumvichumvi. Sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa ngumu. Si hatari kuogea, lakini kama mna mtoto mchanga ulizeni mapema. Maji ya kunywa nunueni ya chupa kubwa kwenye duka la kijijini, maana vichupa vidogo vya hotelini vikijumlishwa kwa siku vinauma.

Bei. Ile unayoiona kwenye mitandao ya kuweka nafasi mara nyingi ni ya mgeni wa nje. Chukua jina la hoteli, tafuta namba yao, piga na uombe bei ya mkazi. Wengi wanayo, ila hawaitangazi. Omba kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi. Halafu uliza mambo matatu kwa pamoja na uombe majibu kwa maandishi ya WhatsApp: bei ni ya chumba au ya mtu, chakula gani kimo, na tozo ya serikali ya kila mgeni kwa kila usiku imo au inalipwa mlangoni. Hiyo ya mwisho ndiyo inayozua ugomvi mapokezini, kwa sababu mara nyingi haimo.

Tuseme hoteli moja ni shilingi 150,000 kwa wawili pamoja na kifungua kinywa, na jirani yake ni 210,000 pamoja na chakula cha jioni. Tofauti ni 60,000, yaani 30,000 kwa kila sahani. Kama mko Jambiani au Nungwi kijijini, ambako mnatembea kwa miguu hadi kwenye migahawa, chukueni ya kwanza. Kama hoteli iko peke yake, mfano Michamvi au baadhi ya sehemu za Matemwe, chukueni ya pili, maana usiku daladala hakuna na teksi ya kwenda kula na kurudi itameza tofauti yote. Hesabu hii ni ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama likizo itakutosha.

Kabla ya kutuma kianzio, omba video fupi ya ufuko iliyopigwa siku hiyohiyo saa nne asubuhi, pamoja na chumba chenyewe na bafu lake. Anayekataa, achana naye. Lipa kwa lipa namba ya biashara, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi wakati unazungumza na hoteli, simamisha malipo na upige simu ya mapokezi kwa namba uliyoipata kwingine.

Mji Mkongwe una kanuni zake. Nyumba ni za kale, za mawe ya matumbawe na chokaa, na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Lifti ni chache, ngazi ni za mwinuko mkali, na gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo mzigo unabebwa. Vyumba vya chini vina unyevu na harufu ya ukuta, vya juu kabisa vinachomwa na bati mchana kutwa. Ghorofa ya katikati ndiyo ninayoomba. Mwenye magoti mabovu asidanganywe na picha ya mgahawa wa juu ya paa. Adhana ya alfajiri utaisikia popote utakapolala, na ndivyo mji ulivyo.

Sasa chakula, ambako naona watu wanapoteza hela na utamu kwa pamoja. Samaki wa baharini mwombe umwone kabla hajapikwa. Macho yawe angavu na yametuna, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Changu wa kuchoma ndiye salama kwa asiyejua. Jodari na nguru ni watamu, lakini wakilala nje ya barafu hujenga sumu isiyoondoka kwa moto: uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, mara nyingi ndani ya saa moja. Ukionja jodari akakuchoma ulimi kama ametiwa pilipili na mpishi hakutia, mteme na uache sahani. Pweza anavuliwa mwambani maji yakipwa, hivyo siku za bamvua ndizo anazopatikana kwa wingi na akiwa mbichi. Ile saa ya kupwa inayokunyima kuogelea ndiyo inayokuletea pweza wa nazi jioni. Kambakoche na kamba wakubwa huuzwa kwa kilo. Wapimwe mbele yako, bei itajwe, ndipo waende jikoni.

Migahawa ya ufukweni hupika ukiagiza, na jiko huwa la mkaa na mpishi mmoja. Pita saa tisa alasiri, chagua samaki, sema utakula saa moja usiku. Ukifika na njaa saa mbili bila kuagiza utangoja saa nzima na zaidi, kisha utaletewa kilichobaki.

Sisi tuliozoea mchele wa Kyela na Mbarali tuna pua kali. Unguja migahawa mingi inapika mchele wa kutoka nje, mrefu na usionukia, kwa hiyo usiwahukumu kwa wali mtupu. Agiza wali wa nazi, pilau au biriani, hapo ndipo mkono wao unapoonekana. Asubuhi, kama hoteli inatoa mkate wa kuoka na yai tu, uliza kama wanaweza kukupa mbaazi za nazi na mkate wa kumimina au vitumbua. Wapishi wengi ni wa hapohapo na hufurahi kuulizwa. Mjini, kwenye mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini unaona vyakula vyote kaunta na kuonyesha kwa kidole, na kwa familia inayokula vitu tofauti ni msaada mkubwa.

Forodhani, bustani ya kando ya bahari pale Mji Mkongwe wanapouza vyakula usiku, baada ya magharibi ni pazuri kwa macho, lakini chagua. Mishikaki ya samaki na kamba iliyopangwa kwa rangi mezani mara nyingi imeshaiva na inapashwa moto tu, na hujui imekaa kwenye joto tangu saa ngapi. Mimi nanunua kile kinachopikwa mbele yangu: chapati ile ya kukunja yenye nyama na yai wanayoiita pizza, na urojo wa moto wenye bajia, viazi, kachori na chatini ya nazi. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ikamuliwe unaiona. Uliza bei kabla hujashika kijiti.

Kitimoto si rahisi kukipata, na pombe ipo kwenye hoteli za watalii, si kwenye migahawa ya kijijini. Ramadhani migahawa ya mtaani hufungwa mchana na kula hadharani hakufai. Utakula ndani ya hoteli, na futari ya jioni inafidia yote. Kijijini na mjini funika mabega na magoti.

Njia nayo inaingia kwenye uchaguzi wa hoteli. Basi la Mbeya linakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800, na bandari iko mbali na hapo, na foleni ya mji ni yake. Anayepanda ndege Songwe anaokoa siku nzima. Boti inachukua kama saa mbili. Beba kitambulisho, fika saa moja kabla, na miezi ya kusi kaa chini katikati ya boti, si mbele, kwa ajili ya kichefuchefu. Kwa kuwa utafika umechoka, usiku wa kwanza lala Mji Mkongwe, ndipo asubuhi upande gari la 116 kwenda Nungwi au 309 kwenda Jambiani. Daladala hizo ni za bei ndogo lakini zinajaa na zinasimama kila mahali. Ukiwa na masanduku mawili na mtoto, omba hoteli ikutumie gari na upatane bei siku unayoweka nafasi.

Usiku wa mwisho pia uwe mjini. Hoteli nyingi hutaka chumba saa nne au saa tano asubuhi, na ukitokea Nungwi siku ya kuondoka unabeba mizigo kilomita kama 60 ukikimbizana na boti. Ukilala mjini unapanda boti ya asubuhi, unavuka, unakula Kariakoo, na unawahi basi la usiku la kupanda Iringa na Mbeya ukiwa bado na nguvu. Weka sweta juu kabisa ya begi, kwa sababu mkifika Mafinga usiku wa manane utaitafuta gizani.