Kaunta buku ya kurasa 192 ilivyobeba kodi yetu ya miezi sita

Daftari ninalolizungumzia ni kaunta buku ya kawaida, ile yenye jalada gumu, kurasa 192. Niliinunua kwa shilingi 3,000 kwenye duka la vifaa vya shule hapa Mbagala, na kwa madaftari ya aina hiyo pamoja na kalamu mbili za bluu nimeendesha hesabu ya nyumba yangu tangu Jumatano ya tarehe 3 Januari 2024. Sasa niko kwenye daftari la nne. Naandika uzoefu wangu kwa sababu maelezo mengi ya bajeti ya nyumbani yanaanza na neno "mshahara", na kwetu neno hilo halipo.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu ya 10,000 kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki. Tuna watoto watatu. Pesa yetu inaingia kwa siku na inatoka kwa siku, lakini kodi ya nyumba ni 120,000 kwa mwezi na, kama ilivyo kwa wapangaji wengi wa Dar es Salaam, mama mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Yaani 720,000. Desemba 2023 ilitukuta hatuna. Tulikopa 400,000 kwa watu wa kausha damu wa mtaani na marejesho yalikuwa 65,000 kila wiki kwa wiki nane. Piga hesabu: 520,000. Riba peke yake ni kodi ya mwezi mzima. Tulilipa miezi saba tukaishi sita, na hasira ya jambo hilo ndiyo iliyonipeleka dukani kununua daftari.

Kabla ya hapo nilishajaribu njia mbili. Ya kwanza ni programu ya kwenye simu, yote kwa Kiingereza, na kitu cha kwanza inachokuuliza ni kipato chako cha mwezi. Nikibahatisha, hesabu nzima inapotoka. Halafu simu ni moja, mume wangu anaihitaji kazini kutwa, kwa hiyo ninaponunua nyanya saa tano asubuhi sina pa kuandika. Ya pili ni daftari zuri la bajeti lililochapishwa tayari, 15,000, lenye maua kwenye jalada na kurasa zilizogawanywa kwa miezi. Nililitumia wiki tatu. Mistari ya matumizi ya siku ilikuwa michache mno, nafasi ya "malengo ya mwaka" ilikuwa kubwa mno.

Niliwahi pia kusoma habari za kakeibo, daftari la hesabu za nyumbani la Wajapani, ambalo asili yake inatajwa kuwa ni mwanahabari wao Hani Motoko mwaka 1904. Matumizi yanagawanywa mafungu manne: ya lazima, ya kupenda, ya elimu na burudani, na ya dharura. Wazo la kuandika kwa mkono nimelichukua hapo na ninalipenda sana, kwa sababu mkono ukiandika "soda 700" mara nne kwa wiki unakumbuka. Ila mafungu yenyewe hayakunikaa. Mchango wa harusi au wa msiba utauweka wapi? Si dharura, maana kila mwezi upo. Si wa kupenda pia, kwa sababu siku ukifiwa wewe ndipo utakapojua nani ulimchangia. Nikaupa fungu lake. Mafungu yangu yakawa matano: chakula, nyumba, shule na nauli, michango, na makato. Makato ni yale ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu. Sikuwahi kuyahesabu kama matumizi mpaka Januari ilipoisha nikakuta yamefika 11,400.

Jambo lililonifanya nishikamane na daftari hili nililigundua siku ya kwanza nikichora mistari. Kutoka tarehe 3 Januari mpaka 30 Juni mwaka ule ni siku 180 kamili. 720,000 ukigawa kwa 180 unapata 4,000. Na daftari lina kurasa 192: ukurasa mmoja kwa siku moja, zinabaki kurasa 12, mbili kwa kila mwezi za kujumlisha. Daftari zima likawa ni kodi moja. Nikifunua naona zimebaki kurasa ngapi, na unene wa kurasa zilizobaki ndio muda niliobakiwa nao. Kwa mtu ambaye kodi humshtukiza, kuona muda kwa macho kulinisaidia kuliko ushauri wowote wa kuweka akiba niliowahi kupewa.

Ukurasa wenyewe ni rahisi. Juu tarehe na kilichobaki jana. Kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka kwa mafungu. Chini kabisa mistari miwili: "kodi" na "haijulikani". Pesa ya kodi inaingia kwenye kibubu cha mbao kilichopigwa misumari, noti mbili za 2,000 kila usiku, na naandika.

Huo mstari wa "haijulikani" nitaueleza kwa kirefu kidogo. Ninao mbele yangu ukurasa wa Jumanne tarehe 20 Februari 2024. Pamoja na 3,200 ya jana, kulikuwa na jumla ya 46,200: 31,000 ya boda, 2,000 ya kupunguza suruali ya mwanafunzi, na 10,000 kianzio cha gauni. Kilichotoka ni 37,900, ndani yake tajiri 10,000, petroli 9,000, unga kilo mbili 3,400, maharage nusu kilo 1,600, sukari robo 1,000 (ndio wakati ule sukari mtaani kwetu ilifika 4,000 kwa kilo), msiba 2,000, kodi 4,000. Ilitakiwa ibaki 8,300. Mkononi tulikuwa na 4,800. Nikamuuliza mume wangu 3,500 imekwenda wapi, akasema ametoka kazini kuanzia saa kumi na moja alfajiri na sasa anahojiwa kama yuko kituo cha polisi. Tukalala tumenuniana. Kesho yake asubuhi, anafunga helmeti, akaniambia: "Mama, pancha elfu mbili, supu elfu moja mia tano."

Tangu siku ile tulikubaliana kwamba usiku hakuna kuulizana. Kisichojulikana kinaandikwa "haijulikani" na ukurasa unafungwa. Jumla ya mstari huo kwa Januari ilikuwa 71,000. Mei ilikuwa 9,500. Hakuna aliyegombezwa. Mume wangu alipoona jumla ya mstari huo mwisho wa Februari alikaa kimya muda mrefu, na wiki iliyofuata akaanza kurudi na vijikaratasi mfukoni. Kama unaishi na mwenzako, naona mstari huu ndio wenye thamani kuliko yote kwenye ukurasa. Usiuache.

Je, kodi ilitimia? Awamu ya kwanza, hapana. Siku 33 hatukuweka kitu. Tisa mwanangu wa pili alikuwa mgonjwa wa nimonia, kadhaa ni zile za marejesho ya wiki, na nyingi ni za mvua za Aprili na Mei, hasa siku kimbunga Hidaya kilipotupitia, boda haikutoka kabisa. Ramadhani iliniokoa. Nilishona mpaka saa sita usiku na siku 12 niliweka 8,000 badala ya 4,000. Daftari likasema kibubu kina 636,000. Tulikivunja usiku wa tarehe 30 Juni, watoto wakiwa wamelala, tukahesabu mara mbili: 634,000. Nikarudi kurasa nyuma nikitafuta elfu mbili, nikaikuta tarehe 14 Machi, mwandiko wangu mwenyewe pembeni: "noti moja, nyingine kesho." Kesho sikuiweka. Lililobaki, 86,000, nilitoa kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu wa mafundi wenzangu, zamu yangu ilikuwa imefika. Tarehe 1 Julai mama mwenye nyumba alipokea 720,000 na hakuna mtu wa kausha damu aliyejua jina letu. Awamu ya pili kodi ilitimia siku tano kabla.

Na kitu kingine ambacho nisingekiona bila kuandika. Umeme wa 10,000 ulikuwa unatupa uniti 28. Lakini kila mwezi, Luku (umeme wa kulipia kabla) ya kwanza ilikuwa inatoa 23 na ushee. Kwa miezi mitatu nilidhani nimeandika vibaya, mpaka nilipoweka namba hizo kwenye ukurasa mmoja nikaona ni ileile kila mara. Ilikuwa ni kodi ya jengo, wakati ule 1,500 kwa mwezi, ikikatwa humo humo kwenye Luku, na jengo si letu. Nilimpelekea mama mwenye nyumba daftari lenyewe, nikamwonyesha bila maneno mengi. Akasoma, akasema, "Hapo una haki, mwanangu." Tangu kodi iliyofuata anatupunguzia 9,000 kwa kila miezi sita, kwa hiyo sasa tunalipa 711,000.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Karatasi inanywa mafuta. Nilikuwa naliweka karibu na jiko na kurasa za wiki ya pili ya Januari zimelowa mafuta ya kula, sizisomi vizuri. Sasa nalifunika kwa nailoni nzito kama tulivyokuwa tunafunika madaftari shuleni, na linakaa kwenye droo ya cherehani. Halijumlishi lenyewe. Natumia kikokotoo cha simu mwisho wa mwezi na inanichukua karibu saa nzima. Halikukumbushi pia: niliruka siku nne mfululizo mwanangu alipolazwa na hesabu ya siku hizo haikupatikana tena. Na mgeni yeyote akilifungua anajua siri zote za nyumba yako, ukiwemo mchango uliompa mdogo wake.

Kingine, usinunue dogo. Daftari la kurasa 48 au 96 litaisha katikati ya njia na utaanza kutafuta la zamani kila unapotaka kulinganisha. Kalamu ya penseli usitumie kabisa, watoto wanafuta. Ukikosea, kata mstari mmoja juu ya namba uiache isomeke, uandike sahihi pembeni. Bila maandishi yangu ya pembeni nisingeipata ile elfu mbili.

Kwa mwenye mshahara unaoingia benki tarehe 25, sidhani kama anahitaji ukurasa wa kila siku. Wa wiki unamtosha. Kwa mama lishe, fundi, dereva wa bajaji, muuza genge, yeyote ambaye anaanza siku hajui jioni atakuwa na shilingi ngapi, ningesema anunue kaunta buku ya kurasa 192, agawe kodi yake kwa siku, aandike namba hiyo chini ya kila ukurasa kabla hajaandika kitu kingine. Hata zile siku ambazo hakuna cha kuweka, weka kistari. Mimi vistari 33 vya awamu ya kwanza ndivyo vilivyonifundisha kwamba Aprili na Mei boda haitoshi, na sasa kuanzia Februari nashona sare za shule na kuziweka, niziuze wakati wa mvua.